Ordinatere Iliyokuwa Inaniogopa

Msinione nimekaa kimya mkadhani sina aibu yangu. Ninayo, tena ya mchana kweupe, mbele ya soko la Musonoi, mbele ya mtawa, mbele ya mkwe wangu (huyo ndiye anayeuma zaidi), na kwa kuwa Ilunga mshona nguo anaisimulia kwenye kila matanga na kila mara anaongeza chumvi, nimeona afadhali niiandike mwenyewe, kwa Kiswahili hiki alichonifundisha katekista kabla sijaacha shule kwenda kusukuma mabehewa ya mawe, ili wajukuu wangu wasome wajue kwamba babu yao hakukimbia uchi. Nilikuwa na shati. Upande wa mbele.

Mi ni mtu niliyejitengeneza. Nilianza shimoni mgodini, nikatoka, nikauza unga wa muhogo, nikanunua lori, lori likazaa lori, nikawa nabeba mihogo na samaki wakavu kutoka Kasaji, na malori yangu niliyatibu mwenyewe, kwa sikio. Injini ikiugua mi nafunga macho, naweka mpini wa bisibisi sikioni na ncha yake kwenye chuma, nasikia panapouma. Hakuna mtu aliyenifundisha. Kwa hiyo sikuwahi kuogopa mashine hata moja, mpaka ilipokuja hii.

Injinia mmoja Mzungu wa mgodini alikuwa anarudi kwao na anauza vitu vya nyumba. Juu ya meza yake nikaona televisheni ndogo, pembeni yake sanduku la bati, mbele yake kibao cha herufi. Nikamuuliza kama ile inaonyesha mpira. Akacheka, akagonga vidole, na jina langu likatokea kwenye kioo, Mulumba, kwa herufi za kijani ndani ya giza. Sasa mi jina langu naliandika kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, pole pole, nikiogopa kuteleza, na hapo nikaliona limesimama lenyewe, linang'aa, halina jasho. Nikamwambia, "Futa." Akalifuta. Nikamwambia, "Rudisha." Likarudi. Sikuuliza tena kitu. Nilimwachia pikap yangu, nikarudi nyumbani na ile ordinatere (wengine wanaiita kompyuta) nimeipakata ndani ya gari la jirani kama mtu anayetoa mtoto hospitali.

Sikuichukua kwa ajili yangu. Binti yangu Ngalula (amebeba jina la mama yangu mzazi, kwa hiyo mi namwita Mamu, naye ananiita Tatu, yaani baba) alikuwa amefiwa na mume kule Kasaji, akarudi kwangu na watoto wake. Watu wa mumewe walikuwa na neno moja tu: mjane asiye na kazi hawezi kulea watoto wa ukoo wao mjini, arudi Kasaji alime, na kama hataki, basi watoto watarudi bila yeye. Tulibishana mpaka tukapatana hivi. Mi nimfungulie Ngalula biro, yaani ofisi, ya kuandikia watu barua, maana alijifunza kupiga mashine kwa watawa, halafu mama wa marehemu, Mama Mujinga (kwetu ni jina, si tusi), aje aione kwa macho yake. Akiona ni kazi ya kulisha watoto, watabaki. Akiona ni mchezo, atawachukua.

Biro ikafunguliwa karibu na soko, na watu wakaja, maana katika mtaa mzima hapakuwa na kitu kama kile. Lakini ordinatere ilikuwa na ugonjwa. Ilikuwa inakwenda vizuri, halafu bila kukohoa, bila moshi, inasimama. Kile kialama kinachopepesa kama jicho kinaacha kupepesa. Bonyeza hapa, kimya. Bonyeza pale, kimya. Barua ya mtu imebaki nusu kwenye kioo, kama mtu aliyekufa akiwa ameanza kusema. Lazima uizime, uingoje, uiwashe, na barua imekwenda na maji. Na haikuwa na saa wala siku: asubuhi nyingine inapiga kazi mpaka jioni kama ng'ombe wa plau, asubuhi nyingine inakufa hata chai haijapoa.

Nikaweka sikio. Sikusikia kitu, kelele ya feni ndogo tu mle ndani. Nikasema ni kuran, umeme wetu unapanda na kushuka, nikavuta waya mpya kutoka kwenye nguzo. Ikakufa. Nikasema ni vumbi la mgodi, nikatoa amri mlango na dirisha vifungwe wakati wa kazi, na ilikuwa Oktoba, kabla ya mvua, mnajua joto la hapa. Ikakufa zaidi. Lakini nani angenipinga? Mi ndiye fundi.

Sasa ile siku. Mama Mujinga alikuwa amefika na treni ya Kasaji, na asubuhi akaja biro, akaketi kwenye benchi karibu na mlango, mkoba juu ya magoti. Ni mwanamke mwembamba, mwenye kuangalia kuliko kusema. Ngalula alikuwa anaandika mitihani ya shule ya wasichana. Mtawa mkuu wa shule hiyo (sisi tunawaita wote Masela, basi na huyu nimwite Masela) alikuwa amesema atapita asubuhi ileile kuichukua, na akiikuta safi, maandishi yote ya shule yake yatakuwa ya Ngalula kuanzia hapo. Mnaona basi: watoto wa binti yangu walikuwa wamekaa juu ya meza moja pamoja na ile mashine.

Mi nilikuwa nimevaa koti jipya la abakosti, zito, lenye bitana, Ilunga alinishonea akisema mbele ya bakwe koti lazima liwe na uzito. Ndani nilivaa shati langu la safari, ambalo mbele lilikuwa shati kamili, lenye mfuko na vifungo, na nyuma lilikuwa limeliwa lote na kiti cha lori. Nani angeona? Kiti changu mle biro kilikuwa nyuma ya meza, mgongo ukutani.

Nikapita, nikaketi, nikavua koti, nikalitandika juu ya sanduku la ordinatere kama nilivyozoea kila nikifika, mikono ikining'inia nyuma yake. Kwetu mtu mzima akiweka koti lake mahali, amekwisha kusema: hapa ni pangu, mwenye neno aniulize mi. Nilitaka Mama Mujinga alione.

Ngalula akainua macho. "Tatu, ile koti..."

"Ni ya mupya," nikamwambia. "Acha ionekane."

Akainamisha kichwa, akaendelea na kazi. (Nyumbani kwetu binti mkubwa hashiki nguo ambayo baba yake ametoka kuivua, ikiwa bado na joto la mwili. Ni mwiko, na mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha.)

Mashine ikaenda. Mama Mujinga akaangalia herufi zikijipanga, nikaona mdomo wake unalegea kidogo, nikasema moyoni, tumeshinda. Hapo vidole vya Ngalula vikasimama. Jicho la kijani limeacha kupepesa.

"Imelala?" akauliza Mama Mujinga.

"Inapumuzika kidogo, Mama," nikamjibu. "Hata mi nikiwa kwa kazi napumuzika."

"Weye uko mutu," akasema.

Nikaona hapa lazima fundi aonekane. Nikaondoa koti, nikazima, nikatoa bisibisi mfukoni, nikafungua bati la juu mbele ya macho yao, jambo ambalo sikuwahi kuthubutu. Nikainama kuangalia ndani.

Jamani. Mi nimechimba shaba. Nimeisukuma ikiwa jiwe la kijani, nimeiona inatoka kiwandani ikiwa vibao vizito ambavyo wanaume wanahema kuvibeba, nimeiona inapanda treni kwenda kwa watu nisiowajua, na maisha yangu yote sikujiuliza inafika wapi. Nikaikuta mle. Imelala juu ya ubao wa kijani, nyembamba kama unywele, njia na njia na njia, hazigusani, zinapinda kona zote pamoja kama reli zinazoingia stesheni, mji mzima usio na mtu hata mmoja barabarani, na juu yake vumbi letu jekundu, limeifuata mpaka humo. Nilitaka kusema neno la kifundi. Nilijikuta nazuia pumzi kama niko kanisani wakati wa kengele.

"Kuko nini mule?" akauliza Mama Mujinga.

"Shaba yetu," nikamwambia. "Ilitoka hapa jiwe, imerudi imesoma."

Akainuka, akaja kuangalia, akatazama muda mrefu, akarudi kwenye benchi. Nikapuliza vumbi, nikafunga, Ngalula akawasha, na ordinatere ikafufuka. Mi nikavimba. Nikatandika koti langu tena juu ya sanduku, kama bendera.

Habari kwamba Tata Mulumba amefungua ile kitu ikatoka nje mbio, na Masela alipoingia, dirishani vichwa vilikuwa vimejaa, cha Ilunga mbele. Nikaanza kuwaeleza wote jinsi nilivyoitibu (nilisema mambo ambayo hata injinia yule asingeyaelewa), na nikiwa katikati ya neno, ordinatere ikafa. Mtihani wa hesabu umebaki nusu kwenye kioo, na Masela amesimama akiuangalia.

"Tata Mulumba," akasema Ilunga kutoka dirishani, "ile masini inakuogopa weye. Jana haukukuya, ilitumika siku yote, nilikuwa naisikia. Leo umeingia, imefunga macho."

Watu wakacheka.

"Hata juma iliyopita," akadakia mwingine. "Alifika, ikakufa. Akaenda, ikaamuka."

Wakacheka tena, lakini kicheko cha pili kilikuwa kidogo. Maana ilikuwa kweli, na kila mtu alianza kuhesabu kichwani, hata mi. Mzee anaingia, kitu kinakufa. Mzee anatoka, kinapona. Kwetu jambo hilo lina jina, na jina hilo halitamkwi kwa kucheka.

Mama Mujinga akasema, taratibu, akiangalia mkoba wake, "Kayombo wangu alikuwa anaanza kupona. Tata Mulumba akafika na lori kumuangalia. Kesho yake tukamuzika."

Mi nilikuwa nimempelekea mkwe wangu, mume wa Ngalula, dawa, usiku na mchana barabarani, na alikufa nimemshika mkono. Nikafungua mdomo niseme hivyo.

Masela, ambaye ni mtu wa vitendo, akasema, "Tutaangalia tu. Tata, utoke kidogo, tuone."

Nikavaa koti langu, nikafunga vifungo vyote, nikatoka kifua mbele. Pale nje nikasimama kama mtu anayengoja lori lake. Haukupita muda mrefu, nikasikia emprimante, ile mashine ndogo inayochapa karatasi, inalia kama mahindi yanayopasuka kwenye kikaango. Ordinatere imeamka. Nilifurahi kwa ajili ya Ngalula, na hapohapo mama mmoja muuza samaki akavuta beseni lake kando, lisiguswe na kivuli changu.

Mwenye akili angekaa nje, karatasi ziishe, mambo yaishe. Mi nikarudi. Sikuweza kuacha watu waniangalie vile. Nikaingia, nikaketi ukutani, jasho likinitoka, nikavua koti, nikaliweka mahali pake, nikakunja mikono. Wote wakatazama mara kioo, mara mi, mara kioo, mara mi. Nikaiomba ile mashine moyoni kama ninavyoomba Mungu. Ikaenda, ikaenda, mpaka nikaanza kutabasamu. Kisha jicho la kijani likasimama.

Mama Mujinga akainuka, akakaza kitenge chake. "Ngalula, uite batoto. Treni haingojake mutu."

Ngalula hakulia. Aliweka tu mikono yake miwili juu ya kibao cha herufi, kama mtu anayeshika mgonjwa asiondoke.

Hapo nikasimama. "Mama, usibebe batoto," nikasema. "Kama njo miye, basi mi nimejifukuza. Sitaingia tena mu hii biro mpaka nikufe. Umuachie kazi yake."

Nikatoka, na kwa uchungu ule nilisahau koti. Nikawageuzia mgongo wote, Mama Mujinga, Masela, dirisha zima, nikavuka mlango na kuingia sokoni na mgongo wangu mtupu unang'aa kwa jua la Oktoba.

"Tata Mulumba," ikanifuata sauti ya Ilunga, "shati yako ingine iko wapi? Nikushonee nusu ingine?"

Nilikaa juu ya kreti tupu kati ya wauza nyanya, na nitawaambia kweli: niliamini. Kwa muda ule niliamini kwamba mi ni muloji, yaani mchawi, bila kujua, kwamba nimemuua Kayombo kwa kumshika mkono. Emprimante ikaanza kulia mle ndani. Basi, nikasema, ni mimi. Nikawaza ni mji gani nitahamia.

Emprimante ikanyamaza. Nikangoja. Kimya. Kichwa cha Ngalula kikatokea dirishani katikati ya vichwa vya wengine.

"Tatu," akasema, "imekufa tena. Na weye hauko."

Sijawahi kufurahi hivyo kwa sababu kitu changu kimeharibika. Nikasimama juu ya kreti. "Nini imebakia mule ya kwangu?" nikauliza, ingawa sijui kwa nini niliuliza hivyo.

Ngalula akatazama chini. "Koti, Tatu."

Masela alikuwa amekwisha kunyoosha mkono kuliondoa. Mama Mujinga akamzuia. "Hapana, Masela. Mwenyewe akuye aitoshe, mbele ya macho yangu."

Nikarudi basi. Kuonyesha mgongo mtupu kwa mama wa mkwe wako ni aibu yenye faini, kwa hiyo nikaingia upande upande, mgongo ukisugua ukuta, nikapita hivyo mpaka kwenye meza, na hapo ukuta ukaisha.

"Ugeuke tu, mukwe," akasema Mama Mujinga. "Ile mugongo nimekwisha kuiona yote."

Nikageuka, nikashika koti. Lilikuwa la moto kama limetoka kwenye pasi ya makaa. Nikaweka kiganja nyuma ya sanduku, pale mikono ya koti ilipokuwa inaning'inia, nikakuta mianya myembamba ya kupitisha hewa, na kutoka humo pumzi ya moto ikanipiga mkononi, kama ya mtu aliyefunikwa blanketi uso mzima. Dereva wangu angefunga gunia mbele ya radiatere ya lori, ningemfukuza kazi siku hiyohiyo. Na mi nilikuwa nalifunga gunia lile kila nilipokuja, gunia la bitana, na kufunga mlango juu yake, halafu nikaweka sikio kutafuta ugonjwa.

Nikalivaa koti (liliniunguza, nikaona ni haki yangu). Tukafungua mlango na dirisha, Ilunga na wenzake wakafukuzwa wasizibe hewa, tukaiacha mashine ipoe. Ngalula akaiwasha. Ikaenda. Mi nilikuwa nimekaa palepale karibu yake, na ikaenda, mtihani wa hesabu, mtihani wa Kifaransa, karatasi zikiingia na kutoka, mpaka Masela akazikusanya kifuani, akazisoma akiwa amesimama, na akamwambia Ngalula apite shuleni kesho kuchukua zingine.

Mama Mujinga alikuwa bado amesimama katikati ya biro.

"Inaandikaka kila jina?" akauliza.

"Kila jina, Mama," akasema Ngalula.

"Uandike Kayombo."

Mikono ya Ngalula ilichelewa. Kisha akaandika. Emprimante ikapiga mara moja, fupi, na akakata ile karatasi, akampa kwa mikono miwili. Mama Mujinga hajui kusoma hata mi nikilinganishwa naye ni profesa. Akaielekeza kwenye mwanga wa mlango. "Anaanza wapi?" akauliza. Ngalula akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza, na yule mama akafuata kwa kidole chake, polepole, herufi kwa herufi, mpaka mwisho wa mwanawe, kisha akarudi mwanzo tena. Mi niliyefikiri nimekwisha kushangaa ya kutosha siku ile kwa kuona shaba, nikajua nilikuwa bado.

Akaikunja karatasi, akaifunga kwenye ncha ya kitenge. "Batoto babakie," akasema. "Huku kuko kazi."

Halafu akanigeukia. "Na weye, mukwe, mbuzi. Juu ya ile mugongo."

"Nitaleta, Mama."

"Na mi nitakuletea kuku. Juu ya ile neno nilisema."

Jioni nilimuuliza Ngalula kama alikuwa anajua habari za koti. Akasema, "Niliwaza, Tatu."

"Na juu ya nini haukusema?"

"Nilianza kusema."

Basi hilo ndilo nililolipata, na sikulisoma kwenye shule yoyote. Heshima ni tamu, niliitafuta tangu nikiwa shimoni, lakini ukiheshimiwa kupita kiasi, watu wako watatazama kitu chako kinakufa kuliko kukuambia kwamba wewe ndiye unayekiziba pua. Nimeapa, na kiapo hiki nakishika mpaka leo, kwamba siingii tena kwenye kazi ya mtoto wangu kama mwenye mji. Nikifika mlangoni nasimama nje, nauliza, "Mamu, niingie?" Siku nyingine anasema ingia. Siku nyingine, mbele ya wateja wake, bila hata kuinua macho, anasema, "Hapana, Tatu, ungoje kwanza."

Nangoja.